Tukutane Archives, lakini ndani

Mambo Juma,

Najua ungependa nikurekodie sauti lakini wacha niandike, maana sauti zangu huwa unazisikiza kwa spidi ya mbili halafu unajibu kitu hata sijasema. Ulisema mnakuja Disemba na watoto wote watatu, alafu ukauliza Nairobi kuna nini ya kuwaonyesha kama si mol. Bana. Mtu amekulia Makongeni, amecheza mpira kando ya reli mpaka akavunjika mkono, ndio anauliza hivyo? Sawa, nitakujibu, lakini ujue umenigusa pabaya.

Siku ya kwanza wapeleke makumbusho ya reli. Iko pale nyuma ya stesheni tangu 1971, na mimi na wewe tumepita hapo mara ngapi tukienda Muthurwa na hatukuwahi kuingia hata siku moja. Mimi nimeingia mwaka jana tu, na kipara changu, na ni kwa sababu ya mzee wangu, babangu. Si unakumbuka alikuwa fayamani wa treni, yule wa kulisha moto wa injini, ile ya kwenda Mombasa, anaondoka na kikapu chake mama amemfungia ugali na sukuma, siku mbili tatu hayuko. Basi nilikuwa nimempeleka kliniki mjini, tukatoka mapema, jam ya kurudi ilikuwa haisongi, akasema si tupite hapo reli nione kama bado wako na zile gari zetu.

Wako nazo. Kuna moja hapo nje ya zile kubwa za klasi ya 59, namba 5918, inaitwa Mount Gelai, maana zote walizipa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Baadaye nilienda kusoma nikapata zilikuwa 34, zilitengenezwa Manchester 1955 na 1956, kila moja tani 252, na kwenye reli za upana wa mita moja hakuna injini ya mvuke duniani ilikuwa na nguvu kuzishinda. Lakini siku hiyo sikujua hayo yote, niliona tu chuma haiishi, unatembea, unatembea, bado ni injini ile ile.

Mzee alisimama kando yake kwanza hasemi kitu, anaiangalia vile mtu huangalia ng'ombe wake akimkuta kwa boma ya mwingine. Alafu akapanda. Juma, huyu ni mtu wa miaka 77 na goti mbovu, kanisani tunamshika mikono miwili kwa ngazi tatu tu, na hapo alishika vyuma vya mlangoni akajivuta juu kama kijana, mimi huku chini napiga kelele "mzee pole pole" na hata hanisikii. Akaanza kugusa kila kitu. Hii ya maji, hii ya mvuke, hii ya mafuta. Nikamuuliza mafuta ya nini, si mlikuwa mnapiga makaa na beleshi? Akanitazama vile alikuwa ananitazama nikileta ripoti fomu. Kumbe hizo gari zilikuwa zinachoma mafuta mazito, makaa hakuna! Miaka hamsini naambia watu babangu alikuwa anapiga beleshi, mpaka kwa harusi yangu nilisema, mbele ya watu, na yeye ameketi hapo amenyamaza. Nikamuuliza mbona hukunirekebisha, akasema ulikuwa unaongea vizuri.

Kulikuwa na watoto wa shule fulani wamekuja na mwalimu, wakasikia mzee anaelezea, wakajaa hapo chini. Ilichukua karibu saa nzima. Jamaa wa kutembeza wageni alinyamaza tu akakunja mikono, mwishowe na yeye akauliza swali. Kwa hivyo ukija nao muulizie mzee kama goti linaruhusu, atakataa mara moja alafu atauliza mnaondoka saa ngapi.

Lakini watoto wako najua watapenda behewa la simba kuliko injini. Hapo wewe mwenyewe lazima nikurekebishe, maana tangu shule unasema ni simba wa Tsavo, na sio. Wale wa Tsavo, waliokula wajenzi wa reli, ni wawili, waliuawa 1898 wakati daraja linajengwa, na hawako hapa, wako Chicago kwa makumbusho inaitwa Field Museum. Yule Patterson aliyewapiga risasi alikaa na ngozi zao kama zulia nyumbani kwake miaka 25 hivi alafu akauzia Wamarekani kwa dola 5,000. Fikiria, simba wetu wanakanyagwa na viatu vya wageni robo karne! Hii ya Nairobi ni stori ingine, ya Kima, Juni 1900. Polisi mkubwa wa reli, Ryall, alikuwa amekuja kuwinda simba aliyekuwa anasumbua pale stesheni, akalala kwa behewa na wenzake wawili, zamu ya kulinda ni yake, usingizi ukambeba. Na behewa lilikuwa limeinama kidogo. Kwa hivyo simba alivyoingia, mlango wa kusukuma ukajirudi ukafunga nyuma yake, sasa wote wako ndani pamoja. Simba akatoka na Ryall kwa dirisha. Behewa lenyewe ndilo hilo, unaweza kusimama karibu na hilo dirisha, na ni dogo, Juma, hicho ndicho kitu kilinishika, hata mimi na tumbo hili sijui kama ningepita. Usimwambie kitinda mimba wako kabla ya kulala.

Ile makumbusho kubwa ya taifa, ya Museum Hill, mnajua, si lazima niwauzie. Wanafunzi wote wa Kenya wamepelekwa huko na basi, wakapangwa laini, wakaambiwa waandike notisi, na wakaona migongo ya wenzao. Mimi nilitoka hapo darasa la sita nikikumbuka Ahmed peke yake, ndovu wa Marsabit mwenye meno yanakaribia kugusa chini, yule Kenyatta alitoa amri 1970 alindwe na askari mpaka akajifia mwenyewe 1974. Kwa hivyo usiwatembeze kila chumba, watachoka na watakuchokesha. Waonyeshe Ahmed, alafu moja kwa moja kwa Mvulana wa Turkana, mifupa ya mtoto wa binadamu wa kale. Huyo alipatikana na Kamoya Kimeu, Mkenya, 1984, kipande kidogo cha fuvu kando ya mto mkavu wa Nariokotome, kinafanana kabisa na mawe ya hapo, jicho gani hilo sijui. Ana miaka kama milioni moja na nusu. Wangu wa mwisho alipoambiwa alikufa akiwa mtoto wa miaka minane au tisa, na tayari ni mrefu kupita futi tano, alinyamaza alafu akauliza kama alikuwa anaenda shule. Nyoka wa pale kando, wengi wanalala tu, lakini watoto wanapenda, basi.

Sasa Archives, lile jumba la nyaraka za taifa hapo mjini. Wewe ulipanga kukutana na watu Archives maisha yako yote, hata mama watoto mlikutana hapo nje ukachelewa dakika arobaini, na nakuuliza, umewahi kuingia? Hilo jumba zamani lilikuwa benki. Hapo chini wameweka vitu vya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais 1966 kwa miezi michache tu, vinyago, nguo, stempu, silaha, vitu alikusanya Afrika nzima. Huko nje makanga wanaita Rongai, Rongai, mia, na ndani kumetulia mpaka unasikia viatu vyako. Niliingia kukwepa mvua na nikakaa mpaka mvua ikaisha na nikasahau kuondoka.

Na usinicheke eti mtu wa Nairobi anajigundulia Nairobi uzeeni. Fort Jesus iko hapo kwako Mombasa, Wareno waliianza 1593, michoro ya meli ambayo mabaharia wao walichora ukutani bado inaonekana, na nilipokuja Pasaka uliniambia "mimi pia sijaingia tangu skuli". Basi sote tuko sawa.

Nipigie mkikata tiketi. Jumamosi saa nne, Archives, lakini mimi nitakuwa ndani, usisimame hapo nje ukinipigia simu. Na ulete mabuyu, ya rangi nyekundu, sio yale ya juzi.

Wako,
Mose

Nilisahau: mzee amesikia mnakuja na SGR. Anauliza hiyo ni gari moshi gani haina moshi.