Beki wa daraja la nne Uingereza si mchezaji wa mchangani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nisahihishe kauli inayorudiwa sana vijiweni hapa Mtwara, kuanzia Chuno hadi Mikindani, kila anapotajwa Haji Mnoga wa Taifa Stars. Husemwa kwamba anacheza "ligi ya mchangani" huko Uingereza, kwa kuwa haonekani kwenye mabanda ya kuonyesha mpira. Si kweli, na kauli hiyo inawapotosha vijana wetu wanaocheza nafasi ya beki.

Mnoga alizaliwa Portsmouth mwaka 2002, akalelewa na timu ya vijana ya klabu ya mji huo, akatolewa kwa mkopo timu za chini zikiwemo Gillingham na Aldershot, na mwaka 2024 akajiunga na Salford City ya League Two. Hilo ni daraja la nne. Juu yake ziko League One, Championship na Ligi Kuu, na madaraja yote manne kwa pamoja yana klabu 92. Mkopo ambao watu wanauona kama kutupwa ndio shule ya beki. Winga unaweza kumjaribu kwa kumwingiza dakika ya 75. Beki anahitaji dakika 90, wiki baada ya wiki, dhidi ya mshambuliaji mtu mzima anayejua kumwegemea na kumfungia njia asiufikie mpira.

Ajira yenyewe haina usalama. Kijana wa miaka 16 hupewa mafunzo ya miaka 2, na akifika 18 huambiwa abaki au aondoke. Akibaki, mkataba mara nyingi ni wa mwaka 1 au 2, unaisha Juni 30, na kila Mei klabu hutangaza inaowabakiza na inaowaacha. Kwa hiyo beki wa daraja hilo anaithibitisha nafasi yake upya karibu kila msimu.

Na msimu ni mrefu. Ligi Kuu yetu ina timu 16 na mechi 30. League Two ina timu 24 na mechi 46, kisha Kombe la FA, Kombe la Ligi na mechi 3 za makundi za EFL Trophy, kombe la klabu za madaraja ya tatu na ya nne. Timu ikitolewa mapema kila mahali bado itafikisha mechi 51, nyingi zikiwa Jumamosi na Jumanne, na Krismasi hakuna mapumziko. Kadi nazo zinahesabiwa: beki akifikisha njano 5 kabla ya mechi ya 19 ya ligi kuisha, anakosa mechi 1, akifikisha 10 kabla ya mechi ya 37 kuisha, anakosa 2. Anayevuta jezi katikati ya uwanja bila sababu anaigharimu timu mwezi mmoja baadaye.

Uwanjani, timu nyingi za huko hupiga mpira mrefu mapema, hurusha mpira kwa mikono kutoka pembeni hadi ndani ya boksi, na hugombea mpira wa pili, yaani ule unaodondoka baada ya kupigwa kichwa. Hapo sentahafu wawili hawaruki pamoja. Mmoja anauendea mpira, mwenzake anashuka nyuma yake mita 5 hivi kufunika. Wakiruka wote na mpira ukawapita, mshambuliaji wa pili anabaki na kipa. Kichwa cha kuokoa kinakwenda juu, mbali, na pembeni. Ukikipeleka katikati mbele ya boksi, umempa kiungo wa wapinzani shuti. Kosa la kawaida la vijana wetu ni kusimama chini ya mpira na kuruka wima, badala ya kurudi hatua mbili na kuruka wakija mbele. Lingine linatokana na viwanja vyetu: mchanga wa pwani unaua mdundo, basi beki aliyezoea kuusubiri mpira, akikuta nyasi zilizolowa, mpira unateleza na kumpita kabla hajageuka.

Lakini makocha wenzangu, msimpigishe mtoto vichwa mia kwa siku. Tangu Julai 2021 mwongozo wa Uingereza kwa wachezaji wa kulipwa ni vichwa vizito visivyozidi 10 kwa wiki mazoezini, yaani vya pasi ndefu kupita mita 35, krosi, kona na mipira ya adhabu, kwa kuhofia madhara ya ubongo. Mtoto afundishwe wakati wa kuruka kwa mpira mwepesi uliorushwa kwa mkono.

Anayefanya kazi hii vizuri hudumu. Dean Lewington, beki wa kushoto wa MK Dons, mwaka 2023 aliipita rekodi ya John Trollope wa Swindon Town ya mechi 770 za ligi katika klabu moja. Mbio zilipopungua alihamia ndani, kushoto kwa mabeki watatu. Dan Burn alianzia Darlington, akapita Yeovil kwa mkopo, na Machi 2025, akiwa na miaka 32, aliifungia Newcastle kwa kichwa kwenye fainali ya Kombe la Ligi.

Kwa wazazi: Mnoga hakuhitaji kibali cha kazi kwa sababu ni mzaliwa wa kule. Kijana wa Lindi au Mtwara anakihitaji. FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa chini ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti maalumu. Tangu 2021 mchezaji wa nje anatakiwa kufikisha pointi 15 za chama cha soka cha Uingereza (FA), zinazotokana na mechi za timu ya taifa, kiwango cha ligi anayotoka na mashindano ya bara. Klabu za League Two zina nafasi 2 tu za wasiofikisha pointi, nazo zina masharti. Hata kabla ya mfumo huo wa pointi, Mbwana Samatta alipitia TP Mazembe na Genk kabla ya Aston Villa. Atakayekuomba fedha ya korosho ili mwanao wa miaka 16 "akafanye majaribio" League Two, mwombe kwanza leseni yake ya uwakala ya FIFA na barua ya klabu, kisha iulize klabu yenyewe.

Ombi langu kwako, Mhariri: Jumapili na Jumatano weka mstari mmoja wa matokeo ya League Two, utaje Mnoga alicheza dakika ngapi na kama alikuwa beki wa kulia au wa kati. Vijana wa huku husoma gazeti kuanzia ukurasa wa nyuma.

Kocha wa vijana,
Chuno, Mtwara