Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Sarafu na Noti za Zamani za Marekani

Ndugu wanachama,

Habari za fedha za chama atazisoma mhazini. Mimi nitazungumzia fedha nyingine, zile zinazoletwa kwenye meza yetu ya ukaguzi. Kosa lililojirudia mwaka huu ni la watu kukimbilia bei kabla hawajajua wameshika nini. Kamati inaomba mkutano uupitishe utaratibu ufuatao.

Mizani itangulie. Ya sonara, inayosoma hadi gramu 0.01, inatosha. Dola ya Morgan, sarafu ya dola moja ya madini ya fedha, iliyopigwa 1878 hadi 1904 na tena 1921, ina gramu 26.73 na kipenyo cha milimita 38.1. Ikichakaa sana hupungua kidogo, lakini ikikosa gramu mbili hapo hakuna mjadala. Sumaku nayo isiinase. Dola iliyoandikwa TRADE DOLLAR, ya gramu 27.22, huigwa mno. Haikupigwa kabla ya 1873, hivyo ukiona ya 1870, mwigaji amejitaja mwenyewe. Na ile sarafu pana ya 1780 yenye mama aliyejitanda shela si ya Marekani hata kidogo. Hiyo ni reale ya Maria Theresa, wazee wa pwani wanaijua. Hata mwaka wake hauonyeshi umri, maana iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo.

Kisha alama ya kiwanda, yaani herufi inayotaja mji ilikopigwa sarafu. Kwenye Morgan iko upande wa tai, chini ya shada, juu ya neno DOLLAR. O ni New Orleans, S ni San Francisco, CC ni Carson City, na D ya Denver ni ya 1921. Pasipo herufi, ni Philadelphia. Herufi hiyo moja ndiyo inayobeba bei, na ndiyo waigaji wanayoibandika. Dola za 1893-S zilipigwa 100,000 tu, senti kumi za 1916-D zilikuwa 264,000, na senti za 1909-S zenye herufi VDB, za jina la mchoraji wake, zilikuwa 484,000. Chukua lenzi ya kukuza mara kumi, uinamishe sarafu kwenye taa, utazame shina la herufi: ufa mwembamba au rangi tofauti pale inapokaa ni dalili ya gundi.

Senti ya 1943 ilituletea matumaini mengi ya bure. Mwaka huo zilipigwa kwa chuma kilichopakwa zinki, gramu 2.7. Ya rangi ya shaba ikinaswa na sumaku, imepakwa baadaye. Isiponaswa na ikawa na gramu 3.11, chunguza tarakimu ya mwisho, kwani huenda ni 8 ya 1948 iliyochongwa ikawa 3.

Senti kumi, robo na nusu dola za hadi 1964 ni madini ya fedha asilimia 90. Zilizofuata, robo na senti kumi huonyesha mstari wa shaba ukingoni. Bei ya chini kabisa ya Morgan halisi ni ile ya gramu 24 za fedha safi kwa soko la siku hiyo. Muuzaji asikubali pungufu.

Sasa usafishaji, na hapa nasema kwa ukali. Limao, majivu, dawa ya meno, magadi: vyote vimeharibu sarafu nzuri. Kusugua huacha mikwaruzo myembamba inayoonekana ukigeuza sarafu taratibu chini ya taa, na mng'ao wa asili ukishaondoka haurudi. Mnunuzi anayejua ataipunguzia bei mara moja, na ana haki. Utelezi wa kijani unaotokana na mifuko ya plastiki ya PVC hutolewa kwa asetoni safi, mbali na moto: chovya, suuza kwa asetoni nyingine, acha ikauke yenyewe, usifute.

Kwa noti, anza na ukubwa. Za kabla ya mfululizo wa 1928 (mwaka ulioandikwa kwenye noti) ni pana, kama milimita 187 kwa 79. Ndogo ni 156 kwa 66. Kwenye ndogo, muhuri wa buluu ni cheti cha madini ya fedha, mwekundu ni noti ya serikali, wa kijani ni ya Federal Reserve, benki kuu ya Marekani. Nyota kando ya namba ina maana noti ilichapwa kuziba nafasi ya iliyoharibika, na huongeza bei. Dola moja ya 1957 yenye muhuri wa buluu ni nyingi mno, na haki ya kuibadilisha kwa madini ya fedha ilikoma Juni 1968. Dola 1,000 ya Bank of the United States ya 1840 yenye namba 8894 ni nakala ya ukumbusho, hata ikikauka na kukunjamana vipi.

Noti za dola za zamani, zenye picha ndogo ya kichwa, zinazokataliwa madukani bado ni halali Marekani; noti za huko hazijafutwa tangu 1861. Asiuze mtu kwa hasara kwa kuogopa tu.

Ombi la kamati ni mizani ya pili na karatasi za mailari (plastiki angavu) za kuhifadhia noti. Mwenye noti asiibandike selotepu hata ikiwa imechanika, ailete ilivyo.