Jumamosi ni piano, saa 10 kamili

Habari za jioni wanakikundi, samahanini nimechelewa kujibu meseji, simu ilizima chaji. Basi Jumamosi ni kwangu kama kawaida na safari hii tunaangalia fainali ya Cliburn ya 2022, yale mashindano ya piano ya Fort Worth, Texas. Mlioniuliza Cliburn ni nani, ni yule mpiga piano Mmarekani aliyeenda Moscow 1958 katikati ya vita baridi akashinda mashindano ya piano ya Tchaikovsky mbele ya Warusi wenyewe, kurudi New York akapokelewa kwa gwaride, halafu 1962 Fort Worth nao wakaanzisha ya kwao kwa jina lake.

Sasa 2022 akaja dogo wa Korea Kusini, Yunchan Lim, miaka 18 tu, akapiga konseto (muziki wa piano na okestra) namba 3 ya mtunzi Mrusi Rachmaninoff, jamani! Angalieni mikono kwenye ile sehemu ya kwanza okestra inaponyamaza kabaki peke yake, nywele zimemwangukia usoni na wala hana habari nazo. Dhahabu akachukua yeye, wa pili Mrusi, wa tatu Myukreni, na mwaka ule vita ya nchi zao ndo imepamba moto. Ila mi namkubali zaidi nusu fainali, etudi 12 za mtunzi Liszt, vile vipande vigumu vya kupima ufundi wa vidole, zote mfululizo, hilo tutabishana hukohuko.

Mwenye spika nzuri aje nayo, yangu inakoroma kwenye besi. Kahawa ipo, kashata mje nazo. Na simu mzime, mara ya mwisho zimelia mara tatu 😅