Nimechelewa wapi?

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni. Nilifanya ukarani kwa ofisi ya wakili mmoja hapa Nakuru miaka mingi, chai nimepika, faili nimebeba, na watu na shida zao nimewapokea mpaka nikazoea. Lakini kuna mama mmoja sijamsahau. Alitoka Kitale na matatu ya alfajiri, ana miaka 34, na kwa mkoba amebeba ripoti fomu ya darasa la sita ndani ya karatasi ya nailoni, chini kuna sahihi ya yule mwalimu aliyemnajisi. Hakulia. Anaeleza kidogo, ananyamaza anaangalia dirisha, halafu anaendelea. Wakili alimsikiliza hadi mwisho ndo akaanza kuhesabu na vidole, tuseme tuanzie siku ulipofika 18, akafika kidole cha tatu akasimama. Pole sana mama, umechelewa. Yeye akauliza, nimechelewa wapi? Mimi nikajifanya natafuta stepla.

Kwa wale hawajui, polisi unaweza kwenda hata leo, kesi ya jinai ya kunajisi haina tarehe ya mwisho. Lakini ukitaka fidia, umshtaki mwalimu ama shule iliyojua ikanyamaza, hapo unakutana na sheria ya muda wa kushtaki, Sura ya 22, inakupa miaka mitatu, kwa mtoto ikihesabiwa tangu afike 18, na kama unayemshtaki ni serikali yenyewe basi sheria nyingine, Sura ya 39, inasema miezi 12. Miezi kumi na mbili! Mkopo wa sako tu unalipwa kwa muda mrefu kuliko huo. Kipo kifungu cha 27 cha kuomba muda uongezwe, sawa, lakini hicho ni cha mtu ambaye hakujua jambo muhimu kwenye kesi yake, mfano aliyevuta vumbi la kiwanda na ugonjwa ukamtokea baadaye. Mtoto aliyenajisiwa alijua siku hiyo hiyo. Kilichomfunga mdomo ni woga, ni kuambiwa nyamaza utaaibisha boma, ni kumuona huyo mwalimu akinywa chai na baba yake kila Jumapili baada ya kanisa.

Wanaosema kesi za zamani haziwezekani wawakumbuke wazee wetu wa Mau Mau. Jane Muthoni Mara aliteswa kingono kizuizini miaka ya hamsini akiwa msichana mdogo, akaenda kuishtaki Uingereza kule kwao London akiwa nyanya wa miaka sabini na ushee. Serikali yao ilisema muda umepita. Oktoba 2012 Jaji McCombe akakataa, akasema kesi inaweza kusikizwa kwa haki maana karatasi zipo, na sheria yao inampa jaji nafasi ya kufungua mlango hata miaka ikipita. Juni 2013 wakakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Sisemi kila mtu alipita, 2018 kundi lingine la zaidi ya watu 40,000 lilishindwa huko huko kwa sababu ya muda, na hilo liliuma. Lakini angalau jaji alikaa akapima. Sisi kwetu anayepima ni kalenda.

Na pesa si tamaa jameni. 2015 Mahakama Kuu yetu iliwapa wasichana wawili waliodhulumiwa na mwalimu wao jumla ya shilingi milioni 5, na tume ya walimu TSC ikabebeshwa lawama pia, si mwalimu peke yake. Hao walibahatika kufika kortini mapema. Najua mawakili wataniambia kuna njia ya Katiba, kushtaki kwamba haki zako zilivunjwa, ambayo haina miaka, ni kweli, lakini bado utaulizwa ulikuwa wapi siku zote hizo, na jibu lako lisipomridhisha jaji unarudi nyumbani.

New York walifanya kitu rahisi. Agosti 2019 walifungua dirisha, yaani kipindi cha walioumizwa wakiwa watoto kushtaki hata kama muda wao ulishapita, korona ikaja wakaongeza hadi Agosti 2021, zikaingia kesi karibu 11,000. Mzigo wa kuthibitisha ulibaki kwa mlalamishi, kwa hivyo hii hofu ya watu kusingiziwa sijui inatoka wapi, asiye na ushahidi anashindwa kama kesi nyingine yoyote.

Wabunge wanaweza kuandika marekebisho ya ukurasa mmoja tu, kwamba kesi ya madai ya aliyenajisiwa akiwa mtoto isiwekewe muda, na wale waliofungiwa nje zamani wapewe hata miaka miwili ya kurudi. Yule mama sasa lazima amepita arobaini. Ile ripoti fomu aliondoka nayo, nailoni ilikuwa imechanika nikamtilia kwa bahasha mpya ya ofisi.

Karani mstaafu,
Nakuru