Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: chokaa si ya wapaka rangi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Kilimo House, Nairobi.

Mheshimiwa,

Tunakusalimu kwa heshima zote, na pole kwa kazi nyingi. Tusingekusumbua hadharani kama si mambo ya wiki jana.

Katika kituo kimoja cha mbolea ya ruzuku, ambacho hatutakitaja, wakulima walipanga foleni tangu saa kumi alfajiri. Kufikia adhuhuri kila mmoja alikuwa ameuziwa mfuko ule ule. Mwenye shamba Kangemi, DAP, mbolea ya kupandia. Mwenye shamba Ruai, DAP. Aliyeulizia chokaa, ile ya kupunguza asidi ya udongo, aliambiwa akaitafute kwa wapaka rangi.

Bei hatuilalamikii. Mfuko wa kilo 50 ulishushwa hadi shilingi 2,500 mwaka 2023, na shukrani tulitoa. Lakini dawa kuwa rahisi hakumfanyi kila mgonjwa aumwe ugonjwa mmoja. Panda matatu Kangemi ushukie Ruai: umetoka kwenye udongo mwekundu, ambao ukilimwa miaka mingi kwa mbolea ya aina moja huelekea kuwa na asidi, ukaingia kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao kwa kawaida hauhitaji chokaa kabisa, shida yake ni maji kutuama na nyufa za kiangazi. Jiji moja, na tiba mbili tofauti.

Mfuko huo wa DAP una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Naitrojeni yake ni ya amonia, na vijidudu vya udongo vinapoigeuza kuwa naitreti, asidi huongezeka. pH, yaani kipimo cha asidi ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi, ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka, ncha za mizizi zinaungua na kubaki fupi nene, na fosfeti ile uliyoilipia inafungiwa na udongo usiione tena. Mkulima anaona majani ya mahindi yamegeuka zambarau, anadhani mbolea ni kidogo, anarudi foleni. Labda ndiyo sababu foleni haziishi. Sisi tunakisia tu.

Hapo ndipo chokaa ya kilimo inapohitajika, mara nyingi tani 2 kwa hekta, yaani kilo 800 hivi kwa ekari, mifuko 16. Kipimo cha udongo ndicho kiseme hasa. Na kupima si uchawi: tembea shamba kwa mtindo wa zigizaga, chimba mahali 15 hadi 20, kina cha sentimita 20, ruka kichuguu, kando ya ua na pale palipokaa samadi, changanya kwenye ndoo safi, anika kivulini, peleka nusu kilo maabara. Ndoo iliyowahi kubeba mbolea itakudanganya. Maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, iko Kabete, si mwezini. Anayeweza kumwonyesha mkulima hayo ni afisa wa nyanjani, na huyo tunamwona mara chache kuliko mvua.

Siku hiyo kuna kipeperushi pia kiligawiwa, kikihimiza kubadilisha mazao: msimu huu viazi, msimu ujao nyanya. Mheshimiwa, aliyeandika hivyo alipwe, lakini asikaribie shamba. Viazi, nyanya, biringanya, hoho na managu ni ukoo mmoja, na mnyauko wa bakteria unawala wote. Kata shina la mmea ulionyauka, litumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, ukoo huo wote uhame kipande hicho kwa misimu kadhaa. Panda mahindi, kunde au vitunguu. Sukuma juu ya sukuma nayo, katika udongo wenye asidi, hualika ugonjwa wa kuvimba mizizi.

Mseto wa kweli, yaani mazao mawili katika shamba moja, una vipimo. Mtindo wa MBILI, uliobuniwa magharibi ya Kenya, unasogeza mistari miwili ya mahindi iachane sentimita 50, kisha unaacha pengo la mita 1 ambamo mistari miwili ya maharagwe au njugu hupata jua. Idadi ya mahindi haipungui hata shina moja. Maharagwe yako sokoni ndani ya siku 75 hadi 90, mahindi yakiwa bado mabichi, na hiyo ndiyo pesa ya karo. Yapande siku moja na mahindi. Ukichelewa wiki mbili yatakaa gizani.

Tusidanganyane, maharagwe ya kawaida hayaachi naitrojeni nyingi udongoni, hasa yaking'olewa na mizizi na mabua yakachomwa. Yakate, mizizi ibaki, mabua yarudi shambani. Njahi na desmodiamu, mkunde wa malisho, huacha zaidi. Chimbua mche ukikaribia kutoa maua, upasue vinundu vya mizizini: vikiwa vyekundu ndani vinafanya kazi, vikiwa vyeupe au kijani vimelala. Na katika asidi kali hulala. Kwa hiyo mseto wenyewe unaanza na chokaa, Mheshimiwa. Chokaa kwanza.

Mei 2024, pale KICC, jumba la mikutano la Nairobi, viongozi wa Afrika walitoa Azimio la Nairobi: kufikia 2034, angalau asilimia 30 ya udongo uliochakaa urudishiwe afya. Lina jina la jiji letu. Tulipiga makofi, na mikono tunayo bado.

Tulikuwa na orodha ndefu: mbegu za mikunde zenye ruzuku, maafisa wa nyanjani, maabara, taka za soko la Marikiti zigeuzwe mboji badala ya kupelekwa jaa la Dandora. Tumeifuta. Tunaomba kitu kimoja, kwamba ile ruzuku inayonunua DAP iweze kununua chokaa, katika kituo hicho hicho, kwa mkulima ambaye kipimo chake kinasema hivyo.

Na ifike kwa wakati. Chokaa huyeyuka polepole. Inataka kuchanganywa na udongo wiki tatu au zaidi kabla ya kupanda, na isiwekwe pamoja na DAP wala samadi mbichi, amonia itapotelea hewani. Vuli huanza Oktoba. Ikitufikia Oktoba, basi kweli tutawapelekea wapaka rangi.

Wako watiifu,
Wakulima wa udongo mwekundu, na majirani zetu wa udongo mweusi, Nairobi