Siti kaegemea kulia: malalamiko kuhusu hedifoni mlizoniuzia

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Tawi la Dar es Salaam.

Zanzibar, 17 Februari 2025

Ndugu Meneja,

YAH: HEDIFONI ZENYE KASORO UPANDE WA KUSHOTO, NA USHAURI WA SAA 200 ULIONIPOTEZEA HAKI YA KUZIRUDISHA

Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za mwanzo nilizituma kwa barua pepe, fupifupi, nikajibiwa na vijana wenu watatu tofauti, kila mmoja akinisalimu upya na kuniuliza nina tatizo gani. Safari hii nimeamua kueleza kirefu, nichape, nitie sahihi, niipandishe boti ije Dar es Salaam, maana naona karatasi bado inaogopwa kidogo.

Tarehe 6 Januari nilinunua kwenu, kwa shilingi 3,900,000 taslimu, hedifoni zenu za daraja la juu, zile za utando mwembamba unaocheza katikati ya safu za sumaku. Risiti ninayo, na namba ya kifaa imeandikwa juu yake. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2016, nimekuwa nikifanya kazi na Sennheiser HD 600 nilizonunua zikiwa zimeshatumika, kutoka kwa mtangazaji mmoja aliyekuwa anahama. Ni muundo wa mwaka 1997, plastiki kwa sehemu kubwa, wenye madoadoa kama sakafu ya terazo, na mito yake ya masikioni nimeshaibadilisha mara tatu. Nilidhani nimefika umri wa kujitunuku kitu kizuri zaidi.

Ili muelewe ninachokidai, lazima nieleze kazi yangu. Mimi husafisha sauti za santuri za zamani za taarabu, zile za mizunguko 78 kwa dakika. Familia huniletea, nazipiga, naziingiza kwenye kompyuta, kisha naondoa mikwaruzo mmoja mmoja. Ni kazi ya subira. Ukikata kidogo mno, unabaki na kelele kama za samaki anayekaangwa; ukikata mno, unampokonya mwimbaji herufi zake, "s" na "sh" zinakufa, na mtu aliyekuwa anaimba Kiswahili safi anakuwa kama ana kitambaa mdomoni. Yote hayo nayaamua kwa masikio, saa nne au tano kwa siku.

Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, hapakuwa na mambo ya kushoto na kulia. Santuri ya enzi zile ina mkondo mmoja tu wa sauti. Ukiusikiliza kwa hedifoni zilizo sawa, mwimbaji husimama katikati kabisa, kama yumo ndani ya paji la uso wako, na hasogei. Kwa hiyo ukitaka kujua kama hedifoni zina upande, achana na muziki wa kisasa uliopambwa kwa ustadi, tia santuri ya zamani. Haina pa kuficha.

Kwa hedifoni zenu, Siti kaegemea kulia. Kasogea mpaka karibu na jicho, kama mtu aliyeketi barazani akabanwa na wageni.

Niliogopa kwanza kuwa ni mimi. Nina miaka 51, na masikio yangu yamepita katika harusi nyingi. Basi nikazivaa kinyume, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto: mwimbaji akahamia kushoto. Ingekuwa ni sikio langu, angebaki pale pale. Nikazivaa sawasawa, nikabadilisha mikondo kwenye kompyuta: hakusogea hata unywele, akabaki kulia. Kwa hiyo si santuri. Nikachomeka HD 600 kwenye amplifaya ile ile, tundu lile lile: katikati. Kwa hiyo si amplifaya. Kilichobaki mnakijua.

Kijana wenu wa kwanza alinijibu kwamba "huenda santuri zimechakaa upande mmoja." Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Nikaingia kwenye vipimo. Nilikata kadibodi nene, nikaitoboa, nikapachika maiki ndogo ya kupimia, nikaifunika kwa kila upande kwa zamu, mara tano tano, nikiinua na kurudisha kila mara ili nisidanganywe na mkao. Sijidai kuwa na kichwa cha bandia cha maabara kama walivyonacho wenye uwezo, lakini kwa kulinganisha kushoto na kulia kadibodi inatosha. Besi ziko sawa pande zote mbili. Kuanzia hezi 800 hivi mpaka kilohezi 5, yaani kwenye sauti za kati, upande wa kushoto uko chini kwa takriban desibeli 4, na desibeli ndicho kipimo cha nguvu ya sauti. Hapo ndipo penye sehemu kubwa ya uwazi wa sauti ya binadamu anapoimba, na ya fidla pia. HD 600 zangu za mtumba, kwa kadibodi ile ile, pande zake hazikuachana hata desibeli 1. Michoro yote nimeiambatisha.

Mtauliza kwa nini sikugundua dukani. Dukani kwenu feni zilikuwa zinavuma, na kijana alinichezea bongo fleva yenye ngoma nzito kwa dakika kumi. Ngoma ile ilikaa katikati kwa sababu, kama nilivyosema, besi ziko sawa. Nilitoka nikiwa nimefurahi. Ni kosa langu, nalikubali, kununua hedifoni za milioni karibu nne bila kuja na santuri yangu.

Sasa naomba nitenganishe mambo mawili, maana barua zenu zinayachanganya makusudi au kwa bahati mbaya. Kuna kasoro na kuna ladha. Hata ule upande wa kulia, ambao ni mzima, unaimba kwa namna isiyonipendeza: sauti za kati za juu, karibu na kilohezi 3, zimerudishwa nyuma, kwa hiyo mwimbaji anasikika kama yuko chumba cha pili na mlango uko nusu. Tundu la sikio la mtu, lenye urefu wa sentimita 2 na nusu hivi, lenyewe huikuza sauti iliyo karibu na kilohezi 3, na hedifoni zikikaa juu ya sikio hubadilisha namna sauti inavyolifikia, na sehemu ya ukuzaji wa kawaida wa sikio hupotea. Anayeziunda ndiye anayepaswa kukirudisha kilichopotea. HD 600 hukirudisha. Zenu hazikirudishi. Lakini hilo silidai. Wapo wanaopenda sauti iliyotulia hivyo, na mimi mwenyewe nikisikiliza usiku kwa starehe naielewa. Wala sitawanyima haki yenu katika besi: ngoma zinashuka chini kuliko HD 600 zinavyoweza kuota, bila kuvimba, na udi unasikika mpaka mbao zake. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 na hakuona uhusiano kati ya bei na namna zinavyogawa sauti za juu, za kati na za chini. Ningemsoma kabla ya Januari.

Ladha nawaachia. Desibeli 4 za kushoto siwaachii.

La pili ni uzito. Tangazo lenu linasema gramu 390, na chini yake: "Raha ya kuvaa kutwa nzima." Baada ya dakika arubaini utosi wangu ulikuwa unawaka. Nikavua kofia, nikakunja kitambaa nikakiweka chini ya upinde wa kichwani, haikusaidia. Nikazipeleka kwa sonara wa mtaani kwetu, ambaye mizani yake haidanganyi kwa sababu ikidanganya anafilisika. Akazitazama, akaniuliza hii dhahabu gani. Gramu 486, bila waya. HD 600 mtengenezaji anasema gramu 260, na mizani ya sonara ikakubaliana naye kwa tofauti ndogo.

Kijana wenu wa pili alinijibu kwamba gramu 390 ni "uzito wa kifaa bila mito ya masikioni." Ndugu Meneja, kuna mtu anayevaa hedifoni bila mito? Ukinunua gari unaambiwa uzito wake bila magurudumu?

Najua sumaku ni nzito na kwamba hedifoni za aina hii kwa kawaida huwa nzito kuliko zile za kawaida za koili, kama HD 600. Ningeambiwa gramu 486 tangu mwanzo ningepima mwenyewe kama shingo yangu inaziweza. Uzito ukigawanywa vizuri unavumilika, lakini upinde wenu ni mwembamba na unagusa utosi mahali pamoja tu, kama kamba ya ndoo. Wengine nao wamekosea hapo, maana upinde wa hedifoni za AKG K701 ulikuwa na vinundu ambavyo watu wengi walivilalamikia, lakini zile angalau ni nyepesi. Mito yenu ni ya ngozi ya bandia. Huku kwetu, wakati wa kaskazi, ninaporekodi nazima kiyoyozi kwa sababu ya mvumo wake, na baada ya robo saa jasho linatiririka mpaka kwenye miwani. Mkono wa miwani nao unainua mto, upenyo unabaki, besi zile nilizozisifu zinatoroka. Mito ya HD 600 ni ya kitambaa laini. Inanyonya jasho, inachakaa, unanunua mingine. Kusema kweli zikiwa mpya nazo hubana kichwa kama zina deni nacho, lakini hulegea.

Waya wenu ni mgumu na unapopangusana na shati unasikika masikioni. Kasha la mbao ni zuri sana, mke wangu ameshaliombea kazi nyingine.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike karatasi badala ya kumeza hasara yangu. Tarehe 9 Januari, siku tatu tu baada ya kununua, niliwaandikia kuhusu upande wa kushoto. Masharti yenu yanaruhusu kurudisha bidhaa ndani ya siku 14. Nilikuwa tayari kupanda boti siku ya pili. Jibu lenu, ambalo nimeliambatisha, lilisema hedifoni mpya zinahitaji "kupigishwa muziki kwa saa 200 ili utando ulegee," na kwamba baada ya hapo pande mbili zitalingana. Mkaniomba nisizirudishe kwanza.

Nikatii. Kuanzia tarehe 10 nikaziacha zipige, juu ya meza, hazina kichwa ndani. Usiku sikuweza kuacha amplifaya ikiwaka peke yake katika nyumba ya mbao za zamani, na umeme nao ulikatika mara kadhaa, kwa hiyo nilipata saa kumi na tano hivi kwa siku. Saa 200 zilitimia tarehe 23. Nikaziweka kwenye kadibodi: desibeli 4, kama zilivyozaliwa. Nikawaandikia siku hiyo hiyo. Tarehe 24 kijana wenu wa tatu akanijibu, kwa adabu kubwa, kwamba siku 14 zilikwisha tarehe 20 na kwamba "tofauti ndogo ya usikivu ni jambo la kawaida, na masikio huzoea."

Hata mtu aliye na umeme usiokatika na asiyelala, saa 200 ni zaidi ya siku nane. Mlijua hesabu hiyo mliponishauri. Hamkunidokeza kwamba saa ya kurudisha inaendelea kutembea, wala hamkuniandikia kwamba siku hizo hazitahesabiwa. Utando unaweza kulegea kidogo ukiwa mpya, sibishi, lakini utando wa kushoto utalegeaje wakati wa kulia umekataa? Na kwa nini ulegee kwenye sauti za kati tu? Ushauri ule haukuwa na faida yoyote kwangu isipokuwa kuzimaliza siku zangu 14. Sisemi ndilo lililokusudiwa. Nasema ndilo lililotokea.

Nami siwezi kuyazoesha masikio yangu, kwa sababu yakizoea mwimbaji aliyepinda nitaanza kupindisha kazi za watu. Mwezi uliopita nilimrudishia mzee mmoja sauti ya marehemu mama yake nikiwa nimeisafisha kwa hedifoni zenu. Nilipoisikiliza baadaye kwa HD 600 nikakuta nimeacha mikwaruzo mikali katika sauti za kati, kwa kuwa zenu zilikuwa zimeifunika. Nilimwomba radhi nikairudia bure.

Ninaomba mawili, na katika la kwanza mchague nyinyi. Ama mnirudishie shilingi 3,900,000 nami niwarudishie mali yenu yote. Ama mnipe pea nyingine, ikiwa na karatasi ya vipimo vya pande zote mbili, nami niruhusiwe kuisikiliza dukani kwa santuri yangu, feni zikiwa zimezimwa, kabla sijatia sahihi. La pili, uzito kwenye tangazo lenu urekebishwe uwe ule mnunuzi atakaoubeba kichwani. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, na zihesabiwe kuanzia siku mtakayopokea barua hii. Likikosekana, nitayapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, pamoja na risiti, michoro na barua zenu tatu.

Hedifoni zimo ndani ya kasha lake, safi, hazina mkwaruzo. Mkiniita nitazileta mwenyewe, na mito yake.

Wenu mteja,

Msafishaji wa sauti,
Mji Mkongwe, Zanzibar.

Viambatisho: nakala ya risiti, michoro ya vipimo, barua pepe za tarehe 9, 23 na 24 Januari, picha ya hedifoni juu ya mizani ya sonara.