Wabanguaji nao waitwe mezani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie namna Shirika la Kazi Duniani (ILO) linavyoshirikiana na mashirika mengine ya kimataifa. Lilianzishwa mwaka 1919, na mwaka 1946 likawa shirika maalumu la kwanza la Umoja wa Mataifa. Lakini upekee wake hauko katika umri, bali katika utaratibu wa serikali, waajiri na wafanyakazi kukaa pamoja na kupiga kura. Washirika wake wengi, likiwamo Shirika la Afya Duniani, huamua kwa kura za serikali peke yake.

Hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Makubaliano yakiachiwa sekretarieti za mashirika hayo, sauti ya mama anayebangua korosho hapa Mtwara, ambaye hujipaka majivu viganjani ili mafuta ya ganda yasimbabue (glavu huzisikia kwenye semina), ni rahisi kupotea njiani.

Napendekeza wizara yenye dhamana ya kazi, kabla ya kuridhia mradi wowote wa pamoja, iviite vyama vya wafanyakazi na vya waajiri vya mikoani, si vya Dodoma na Dar es Salaam tu, na maoni yao yaambatanishwe kwenye andiko la mradi.

Msomaji wako,
Mtwara